Mtoto Hasikii

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Afya ya Nyumbani
Kwa madarasa ya kisomo ya Nachingwea na Ruangwa

Natumaini mwalimu wenu amekwisha kuwasha redio, na kila mmoja amepata mahali pa kukaa. Somo hili limepigwa chapa pia. Asiyeweza kuandika upesi asihangaike; atalisoma baadaye polepole, na akikwama atamwuliza jirani yake.

Leo tutazungumza juu ya masikio ya watoto. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: MTOTO HASIKII.

Maneno haya twayasema kila siku. Mama amemtuma mtoto kisimani, mtoto hakwenda. Mama husema, "Mtoto huyu hasikii!" Maana yake ni kwamba mtoto ni mkaidi. Tunayo na methali yetu: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo pia kusikia ni kutii. Basi katika lugha yetu neno hili moja lina kazi mbili. Kuna kusikia kwa sikio, na kuna kusikia kwa moyo, yaani kutii.

Shida ni kwamba yuko mtoto asiyesikia kwa sikio, naye hupewa fimbo ya asiyesikia kwa moyo. Hupigwa kwa sababu ya maradhi yake. Kwa hiyo somo la leo lina jambo moja kubwa: kabla hujasema mtoto ni mkaidi au ni mjinga, pima kwanza kama anasikia. Na upime mapema.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kabla ya kuwa afisa elimu nilifundisha shule ya msingi. Katika darasa la pili nilikuwa na msichana mmoja ambaye sikio lake lilitoka usaha. Watoto wenzake walilalamika juu ya harufu, nami nikamhamishia nyuma, karibu na dirisha. Nikimwuliza swali, alitazama kwanza midomo ya jirani yake, kisha alisimama akajibu jambo jingine kabisa. Darasa lilicheka. Nilidhani hana akili, na mara mbili nilimwadhibu kwa kutozingatia. Kabla ya kufika darasa la nne aliacha shule.

Miaka mingi baadaye nilipata mafunzo juu ya watoto wenye ulemavu, ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilimtoa mbele alikoweza kusikia kidogo, nikamweka nyuma asikoweza kusikia, kisha nikamwadhibu kwa sababu hasikii. Siwezi kumrudishia miaka ile. Ninachoweza ni kuwaambia ninyi, ili mtoto mwingine asipotee hivyo.

SIKIO LAFANYAJE KAZI?

Sikio unaloliona kwa nje ni mlango tu. Ndani kuna tundu, na mwisho wa tundu kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Tunaiita ngoma ya sikio. Sauti ikigonga ngozi hiyo, hutikisika. Nyuma yake kuna vifupa vitatu vidogo sana vinavyopokezana mtikisiko huo na kuupeleka ndani zaidi. Huko kuna kitu kilichojiviringa kama nyumba ya konokono, kimejaa maji. Maji yakitikisika, vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho hutoa habari, na mshipa wa fahamu huipeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu husema, "Nimesikia."

Kuna njia nyingine ndogo itokayo nyuma ya pua na koo hadi nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa mtu mzima njia hiyo ni ndefu na imeinama. Kwa mtoto mdogo ni fupi na imelala zaidi. Ndiyo sababu mafua ya mtoto hupanda upesi mpaka sikioni.

Sasa mnaona kwamba uziwi si wa namna moja. Sehemu ya mbele ikiharibika, yaani tundu, ngoma ya sikio au vile vifupa, mara nyingi dawa au upasuaji huweza kusaidia. Lakini vile vinywele vya ndani vikifa, havioti tena. Kwa hiyo kuzuia ni bora kuliko kutafuta dawa baadaye.

UZIWI WATOKA WAPI?

Wengine husema ni laana, au jini, au mama alikosa miiko alipokuwa na mimba. Maneno haya humwumiza mama wala hayamsaidii mtoto. Zitazameni sababu zenyewe.

Kwanza, uziwi mwingine ni wa kurithi. Wazazi wawili wanaosikia vizuri waweza kubeba mbegu ya uziwi bila kujua, na mtoto akazaliwa haisikii sauti yoyote. Hilo si kosa la mtu.

Pili, kuna maradhi ya mama mjamzito. Rubela ni ugonjwa wenye vipele na homa ndogo, na mtu mzima aweza kuupuuza. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliandika kwamba watoto waliozaliwa na ugonjwa wa macho walikuwa na mama waliougua rubela wakati wa mimba. Baadaye ikajulikana kwamba ugonjwa huo huharibu pia masikio ya mtoto tumboni. Kaswende ya mama nayo huweza kumletea mtoto uziwi. Ndiyo maana mama mjamzito hupimwa damu kliniki.

Tatu, kuna shida za kuzaliwa: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, aliyekosa hewa na kuchelewa kulia, au aliyepata manjano makali bila kutibiwa. Kujifungulia mahali penye mkunga aliyefunzwa hulinda masikio pia.

Nne, kuna maradhi ya utotoni: homa ya uti wa mgongo, surua, na matubwitubwi. Malaria kali iliyopanda kichwani nayo yaweza kuacha mtoto na shida ya kusikia.

Tano, kuna dawa zenye nguvu. Sindano za jentamaisini na streptomaisini huokoa maisha, lakini zikitolewa bila kipimo huweza kuua vile vinywele vya ndani ya sikio. Usimchome mtoto sindano mtaani, wala usinunue dawa ya jirani. Dawa hizo ni kazi ya mganga wa zahanati au daktari.

Sita, kuna kelele. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa, mashine ya mgongoni hunguruma sana. Mtoto asifuatane nayo shambani, na anayeibeba azibe masikio yake.

Saba, na hii ndiyo iliyompata yule msichana wangu, kuna usaha wa sikio.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika watoto 10 waliopoteza usikivu, karibu 6 wana uziwi ambao ungeweza kuzuiwa. Wafikirieni watoto 10 mbele yenu, halafu wahesabuni hao 6.

USAHA SI JAMBO LA UTOTO

Mara nyingi nimesikia wazazi wakisema, "Sikio likitoka usaha, ni mambo ya utoto, litakauka lenyewe." Ndugu zangu, usaha ni dalili kwamba ngoma ya sikio imetoboka. Ukiendelea kwa majuma na miezi, tundu haliwezi kuziba, vifupa huliwa, na kusikia hupungua. Wakati mwingine ugonjwa huingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, hata kufika kwenye ubongo, na mtoto akafa.

Usimimine kitu chochote ndani ya sikio hilo: si mafuta ya moto, si maziwa ya mama, si maji ya majani, si mkojo. Usichokoe kwa njiti ya kibiriti wala kwa unyoya wa kuku. Mtoto asiogelee mtoni wala bwawani, na akioga maji yasiingie sikioni.

Mpeleke zahanati. Kama usaha umetoka kwa siku chache, yaani haujafika siku 14, mganga huweza kumpa dawa ya kunywa. Kama umefika siku 14 au zaidi, huweza kumpa dawa ya matone. Namna zote mbili, sikio lazima likaushwe kwa utambi, na kazi hiyo ni ya mama au baba nyumbani. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kipande cha kitambaa safi na laini cha pamba, ukisokote kama utambi wa taa.
3. Uingize utambi polepole sikioni. Usisukume kwa nguvu.
4. Utambi ukilowa, utoe, utupe, uweke mwingine mkavu.
5. Endelea hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Kama umepewa matone, yatie wakati huo.
6. Fanya mara 3 kwa siku. Usiuache utambi ndani ya sikio.

Matone yakiwekwa juu ya usaha hayafiki panapouma. Ndiyo maana mama mwingine husema dawa haifai, kumbe hakukausha kwanza. Rudi zahanati siku uliyoambiwa, hata kama sikio limekauka. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au mtoto ana homa kali, shingo imekakamaa, au anatapika na kulegea, usingoje kesho. Mkimbize hospitali ya wilaya.

TUMPIMEJE MTOTO NYUMBANI?

Hapa wengi hudanganyika. Mzazi aweza kukwambia, "Mwanangu si kiziwi. Ngoma ikilia hucheza!" Ni kweli anacheza. Lakini ngoma haisikiwi kwa masikio peke yake. Mshindo wake hupita ardhini ukaingia miguuni, hutikisa hata kifua. Mtoto kiziwi aweza kucheza ngoma vizuri kabisa. Vivyo hivyo mchi ukitwanga kinuni, au mlango ukibamizwa, mtoto hugeuka kwa kuhisi mshindo. Basi usimpime mtoto kwa kishindo.

Usidanganyike na sauti ya kichanga pia. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hulia, hucheka, na katika miezi ya kwanza hutoa sauti kama wengine. Baadaye sauti hizo hupungua, kwa kuwa hajisikii mwenyewe.

Mpime hivi. Mama ampakate mtoto, amtulize. Mtu mwingine asimame nyuma yake, kidogo upande, umbali wa hatua moja, asionekane wala kivuli chake kisionekane. Atikise polepole kopo lenye punje za mtama, au amwite mtoto jina kwa sauti ya chini. Asikanyage chini kwa nguvu, wala asipige makofi yatakayopeleka upepo. Angoje. Kisha ahamie upande wa pili. Mrudie siku nyingine, maana mtoto mwenye njaa au usingizi hajali kitu.

Mtoto mkubwa msimamie nyuma, useme maneno mepesi kwa sauti ya chini: mbuzi, maji, korosho. Naye ayarudie.

Angalieni pia umri wake. Akifika miezi 6, mtoto hugeukia sauti. Akifika mwaka 1, hugeuka akiitwa jina, na huanza neno moja kama "mama". Akifika miaka 2, huunga maneno mawili, kama "mama maji". Iwe nyumbani mwasema Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kimakonde au Kiswahili, kipimo ni kile kile. Mtoto asiyefika hapo apelekwe kupimwa. Usikubali kuambiwa, "Ngoja, atasema tu. Hata babu yake alichelewa." Na mtoto aliyeanza kusema kisha akaacha, apelekwe juma hilo hilo.

Kipimo cha nyumbani si cha mwisho. Anzia zahanati, umwambie mganga waziwazi, "Nina wasiwasi kwamba mwanangu hasikii." Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko hospitali ya mkoa ikihitajika. Wakati mwingine shida ni nta iliyoziba, au punje ya mahindi aliyojitia mtoto mwenyewe.

AKIONEKANA NI KIZIWI

Sikilizeni vizuri hapa. Mtoto kiziwi hakupungukiwa akili. Anachokosa ni lugha, na ubongo wa mtoto hushika lugha upesi zaidi katika miaka yake ya kwanza. Ukikaa miaka 6 ukizunguka kutafuta dawa, kila mwaka unapita mtoto akiwa hana neno la kuomba maji, wala la kusema tumbo linamwuma, wala la kumtaja aliyemdhuru. Miaka hiyo hairudi kwa urahisi.

Kwa hiyo mpe lugha mara moja, huku ukiendelea na matibabu. Kaa mbele yake, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Mwoneshe kitu, ukitaje, ufanye ishara yake kwa mikono. Nyumba nzima itumie ishara zile zile: baba, bibi, kaka na dada. Kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ni lugha kamili yenye maneno na utaratibu wake. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, huitetea lugha hiyo na haki za viziwi.

Mtu asiseme kwamba kijiji cha wakulima hakiwezi kujifunza. Kule Ghana kuna kijiji kiitwacho Adamorobe, ambako uziwi wa kurithi umekuwako kwa vizazi vingi. Huko watu wengi wanaosikia nao huijua lugha ya alama ya kijiji chao. Hutaniana na kusalimiana kwa mikono.

Watoto wengine wana usikivu kidogo uliobaki. Hao huweza kusaidiwa na kifaa kinachovaliwa sikioni ili kukuza sauti. Kifaa hicho huhitaji betri na matengenezo, basi ulizeni gharama zote kabla ya kukichukua. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imewafanyia baadhi ya watoto upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio. Upasuaji huo haumfai kila mtoto, ni wa gharama kubwa, na baada yake lazima mtoto afundishwe kusikia. Wenye manufaa zaidi ni waliofikishwa wakiwa wadogo.

Juu ya shule, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu kama wenzake. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Najua Tabora ni mbali na Ruangwa, na mama huogopa kumpeleka mtoto mdogo mbali hivyo. Usikate shauri peke yako. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya, umtafute afisa wa elimu maalum, umwulize ni shule gani inayofaa na mtoto ataanza lini.

Nanyi mnaoishi karibu na mwalimu wa shule ya msingi, mwambieni hivi: mtoto mwenye sikio bovu akae mbele, aone uso wa mwalimu.

TUANZE NA NINI?

Wazee mliopo mwakumbuka mwaka 1973, wakati wa masomo ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kitabu mkononi. Somo likiisha walishika majembe, wakachimba vyoo. Somo la leo nalo lina kazi yake.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Mtoto anyonye vizuri, na asinyweshwe amelala chali. Jikoni pawe na mahali pa moshi kutokea, kwa maana moshi huongeza maradhi ya masikio. Kadi ya kliniki itazamwe: chanjo za majuma 6, 10 na 14 hukinga baadhi ya vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Nchi yetu ilianza kutoa kinga ya rubela pamoja na surua mwaka 2014. Wengi huenda ile ya miezi 9, wakasahau ya miezi 18.

MANENO YA KUJIFUNZA

Usaha: maji mazito yatokayo kwenye kidonda au sikio lenye ugonjwa.
Utambi: kitambaa kilichosokotwa, kama cha taa, cha kukaushia sikio.
Usikivu: uwezo wa kusikia.
Ishara: alama ifanywayo kwa mikono ili kueleza jambo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. "Mtoto hasikii" ina maana ngapi? Toa mfano wa kila moja.
2. Kwa nini mtoto kiziwi aweza kucheza ngoma?
3. Kwa nini tukaushe sikio kabla ya kutia matone?
4. Mama mmoja ana mtoto wa miaka 3 asiyesema neno. Mkwewe asema wangoje. Wewe utamshauri nini?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja amtazame mtoto mmoja nyumbani kwake au kwa jirani. Atazame masikio yote mawili, ampime kama tulivyosema, na asome kadi yake ya kliniki. Aandike daftarini umri wa mtoto na alichoona, aje nacho darasani. Mkipata mtoto mwenye usaha, au asiyegeuka akiitwa, msingoje somo lijalo. Mwenye baiskeli ampeleke zahanati pamoja na mama yake.

Na usiku wa leo, ukimwita mtoto asiitike, zuia mkono wako kwanza. Nenda nyuma yake, umwite polepole, uone kama atageuka.

Kwaherini, wazee wangu na ndugu zangu, mpaka somo lijalo.